Noeli bila buchi ya siagi: kuchagua deseri nyepesi Lubumbashi

Mwaka mmoja nililipia buchi ya Noeli, ile keki ya umbo la gogo, ya watu kumi na watano. Ilipambwa ikapambika: uyoga wa sukari juu, krimu ya siagi imechorwa kwa uma mpaka ikafanana na gome la mti. Ilipofika mezani, saa kumi alasiri, watu walikuwa wameshakula bukari (ugali), kuku wa kienyeji, mbuzi, sombe (kisamvu) ya karanga, wali na saladi ya mayonezi. Umeme ulikatika tangu saa sita. Krimu ilikuwa inateleza pembeni, watoto wakalamba chokoleti na kuiacha keki, na wakubwa mmoja baada ya mwingine wakasema, "Asante, nitakula kesho," kwa sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kujinyoosha. Kesho yake ilikuwa imeharibika.

Tangu siku hiyo sianzi tena kwa kuuliza deseri gani ni tamu. Nauliza mambo mawili: watu watakuwa wamekula nini kabla yake, na umeme ukikatika itakuwaje. Nasema deseri kwa sababu ndivyo tunavyosema huku Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi. Wenzetu wa Tanzania wasome kitindamlo.

Na buchi yenyewe siichukii. Ilitoka Ubelgiji na Ufaransa, kwa watu ambao Noeli kwao ni baridi kali na gogo linawaka ndani ya nyumba. Ilitufikia wakati mji huu ungali unaitwa Élisabethville, ikabaki hata baada ya jina kubadilishwa mwaka 1966. Ila Noeli yetu ni ya mvua, joto na maembe, na siagi huanza kulegea hewa ikipita nyuzi 20 tu.

Hatua ya kwanza: andika chakula chote, deseri iache mwisho

Chukua karatasi uandike kila kitu kitakachowekwa mezani, pamoja na kile ambacho shemeji ataleta bila kuombwa. Kisha gawa safu tatu: vya wanga, vya mafuta, na vya majimaji au uchachu. Karatasi yangu ya mwaka jana ilikuwa hivi. Upande wa wanga: bukari, wali, viazi vya saladi, mikate. Upande wa mafuta: karanga za sombe, mayonezi, mchuzi wa mbuzi, ndizi za kukaanga. Upande wa majimaji na uchachu: ndimu iliyokamuliwa juu ya samaki, basi.

Safu iliyobaki tupu ndiyo nafasi ya deseri. Ikiwa wanga umeshapita mara nne, keki ni mara ya tano. Ikiwa mafuta yamejaa, krimu itawalaza watu kabla ya kahawa. Kinachotakiwa ni kitu chenye maji, chenye uchachu kidogo, cha baridi, na kinacholiwa kwa kijiko kidogo. Kwenye nyumba ambayo mlo ni samaki wa kuchoma na mboga tu, karatasi itasema kingine, na hapo hata keki ni halali.

Watu wengi hufikiri "nyepesi" maana yake ni kupunguza sukari. Sukari ina sehemu yake, lakini mzigo mkubwa wa buchi uko kwenye mafuta. Nilikaa siku moja na kalamu. Buchi ya kawaida ya vipande 12 inabeba siagi gramu 250, chokoleti nyeusi gramu 200, sukari zaidi ya gramu 300, mayai manne na gramu 100 za unga. Inafika karibu kalori 400 kwa kipande kimoja, na siagi peke yake imechukua zaidi ya theluthi. Gramu 100 za siagi zina kalori kama 717. Gramu 100 za embe zina 60, nanasi 50, papai 43, tikiti maji 30 hivi. Bilauri ya matunda nitakayoeleza chini ina kama 100. Sikuambii uhesabu kalori siku ya Noeli, maana ni dhambi ndogo. Nakuonyesha tu kwa nini mtu anaweza kula nanasi baada ya bukari akabaki anacheka, na mwingine akala buchi akalala kwenye kiti.

Hatua ya pili: iulize frigo kabla ya kuuliza wageni

Hapa ndipo miongozo mingi ya Ulaya inatuacha njiani. Inafikiri umeme upo. Jiulize: frigo yako ina jenereta au jua nyuma yake, au inategemea bahati? Ikiwa ni bahati, basi panga kana kwamba umeme hautakuwepo tarehe 25 mchana, na ukiwepo ushukuru.

Kumbuka vipimo hivi. Frigo iliyofungwa bila kufunguliwa hutunza ubaridi kama saa nne. Friza iliyojaa hutunza kwa muda wa siku mbili, iliyojaa nusu kwa siku moja. Ndiyo sababu mimi huanza tarehe 20 kujaza chupa za maji za plastiki na kuzigandisha katika kila nafasi tupu. Umeme ukikatika, chupa mbili tatu zinahamia kwenye frigo na mlango unafungwa kwa amri ya kijeshi. Weka mtoto mmoja mkubwa mlinzi wa mlango huo. Si mzaha: kila anayefungua kutafuta soda anakuibia dakika za ubaridi.

Kipimo kingine: chakula chenye maziwa, mayai au krimu, na hata matunda yaliyokwisha kukatwa, kisikae nje zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, ni saa moja. Chumba chenye watu kumi na watano na mbabula (majiko ya makaa) mbili mlangoni hufika huko upesi.

Kwa hiyo deseri zinagawanyika. Zipo zinazosubiri bila frigo: tunda zima lisilokatwa, jeli ya agari-agari (unga wa mwani) kwa saa chache, matunda yaliyopikwa kwenye maji ya sukari. Zipo zisizosubiri: yoguti, krimu ya kupiga, musi (krimu laini ya povu) ya mayai mabichi. Frigo yako ikiwa ya bahati, chagua kundi la kwanza, au chagua deseri inayomaliziwa pale pale mezani.

Mtungi wa udongo uliofungwa kitambaa chenye maji usikutie moyo sana. Mwezi wa nane, hewa ikiwa kavu, unapoza vizuri. Desemba hewa yenyewe imeshiba maji, kitambaa hakikauki, na mtungi haupozi. Barafu ya kununua ndani ya beseni inafanya kazi, mradi usiiweke ndani ya chakula wala kinywaji kama hujui ilitengenezwa na maji gani. Kuganda hakuui vijidudu, na kipindupindu kwetu kinapenda majira haya haya ya mvua. Barafu ya kuliwa itengeneze mwenyewe, kwa maji yaliyochemka kwa nguvu dakika moja kamili.

Hatua ya tatu: soko la Desemba

Hapa twende polepole, kwa sababu deseri nyepesi inashindwa au kushinda sokoni. Jikoni unamalizia tu.

Maembe kwanza, maana huu ni wakati wake. Kila ua la Lubumbashi lenye mwembe linaangusha, na akina mama wa soko la Kenya na la Mzee Kabila wanauza kwa beseni. Shida ya embe letu la kienyeji ni nyuzi. Ni tamu kuliko yale makubwa ya kupandikizwa, lakini ukilikata vipande wageni watatumia nusu saa kuchokoa meno. Hivyo gawa kazi: embe la nyuzi ni la kusaga na kuchuja, embe kubwa lisilo na nyuzi ni la vipande. Usiamini rangi; mengine huiva yakiwa bado kijani. Nusa pale kwenye kikonyo. Likinukia, liko tayari leo au kesho. Lisiponukia lakini likibonyea kidogo, mpe siku mbili.

Embe, papai, ndizi na avoka (parachichi) huendelea kuiva nyumbani, kwa hiyo unaweza kuyanunua tarehe 21 au 22, kabla bei haijapanda. Nanasi haliko hivyo. Halina wanga wa akiba wa kugeuza kuwa sukari. Likishakatwa shambani, utamu wake umeishia pale. Litabadilika rangi, litalainika, mwisho litachacha, lakini halitaongeza utamu. Anayekuambia "liweke tu nyumbani, litakuwa tamu" anataka kufunga meza yake. Chagua lililo zito kuliko linavyoonekana, linalonukia kwa chini, na ulinunue tarehe 23 au 24.

Marakuja (pasheni) yaliyokunjamana ngozi ndiyo mazuri. Laini linalong'aa bado ni kali sana. Matikiti ni mazuri kwa watoto na kwa wazee, lakini yanachukua nusu ya frigo. Mapomu (matofaa) yanayoingia kutoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yanapendeza kwenye sahani, ila mwezi ambao maembe yanaoza chini ya miti, kulipa pesa ya pomu ni majivuno tu.

Halafu masuku. Nashangaa jinsi tunavyoyala barabarani mchana kutwa, wageni wakija tunayaficha. Tunda la porini, ganda gumu la rangi ya kahawia na njano, ndani nyama tamu inayonata kwenye kokwa. Yanaanza kuonekana mvua za kwanza zikikaribia na Desemba bado yapo. Chagua yasiyo na tundu la mdudu, na yanuse: yakinukia kama pombe, yameanza kuchacha. Yaliyo magumu yaache siku mbili tatu kwenye kikapu. Masuku usiyapike wala usiyasage, usijisumbue. Nitarudi kwake mwishoni.

Kila kitu kioshe kabla ya kukata, hata tikiti ambalo ganda lake hutalila. Kisu kinapita kwenye ganda chafu kikiingia ndani, na uchafu unaingia nacho.

Hatua ya nne: chagua kulingana na hali yako

Una frigo unayoiamini na watu wasiozidi ishirini? Fanya bilauri za embe. Umeme wako ni wa bahati? Jeli ya nanasi. Huna muda kabisa, mlo wote uko mikononi mwako peke yako? Papai lililoiva, lililokatwa dakika ya mwisho, ndimu juu yake na chumvi kidogo sana. Usicheke chumvi, inafanya papai lionekane tamu zaidi bila sukari. Na mapapai yetu mara nyingi ni matamu lakini yamepooza, ndimu ndiyo inayoyaamsha.

Bilauri za embe, za watu 15

Unahitaji maembe ya kienyeji kilo 2 hadi 2 na nusu, nanasi moja la kadiri, marakuja 8, yoguti isiyo na sukari gramu 600, ndimu 2, kidole kimoja cha tangawizi, majani ya mchaichai, yale tunayoita sitroneli, fungu dogo, na sukari vijiko 4 vya kulia.

Siku moja kabla, weka yoguti ndani ya kitambaa safi juu ya chungio, kwenye frigo, saa mbili au tatu. Itatoa maji na kuwa nzito kama krimu, bila mafuta ya krimu. Maji yale usiyamwage. Yanaingia kwenye unga wa mikate kesho yake. Huna yoguti ya dukani? Pasha lita moja ya maziwa mpaka karibu kuchemka, yaache yapoe hadi uweze kuweka kidole ukahesabu kumi bila kuungua, karibu nyuzi 45, changanya vijiko viwili vya yoguti yoyote hai, funga sufuria kwa blanketi saa 6 hadi 8. Maziwa ya unga pia yanafaa, yakorogwe mazito kidogo.

Chemsha maji nusu lita na sukari, tangawizi iliyopondwa na mchaichai uliokunjwa fundo. Dakika kumi, funika, acha ipoe, chuja. Hii ndiyo siri yote ya deseri hii. Watu wakila watauliza umeweka nini, kwa sababu harufu ya mchaichai hawaitarajii nje ya chai.

Asubuhi ya tarehe 25, menya maembe, kamua nyama kwa mikono, saga, kisha pitisha kwenye chungio ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Ni kazi ya mkono. Mpe kijana anayejisifia nguvu. Ongeza ndimu moja na nusu. Onja. Embe likiwa tamu, mchaichai uingie kidogo tu, nusu kikombe. Usitie yote kwa sababu umeshaipika. Iliyobaki inywe na barafu.

Panga kwenye bilauri ndogo, zile za chai. Bilauri kubwa inaharibu mpango mzima, maana mtu hula kile alichowekewa. Chini rojo la embe vijiko vinne, juu kijiko kikubwa cha yoguti, kisha vipande vidogo vya nanasi, mwisho kijiko kidogo cha marakuja na mbegu zake. Mbegu zisichujwe: baada ya mlo laini mdomo unataka kitu cha kuvunja. Nanasi na yoguti visikutane mapema, weka nanasi nusu saa kabla ya kuleta mezani. Likikaa usiku kucha juu ya yoguti linaigeuza chungu.

Jeli ya nanasi isiyoogopa umeme

Kabla ya vipimo, ujue kwa nini jeli ya nanasi ya watu wengi inabaki supu. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, na jelatini ni protini. Papai na tangawizi mbichi vina tabia hiyo hiyo. Ndiyo maana bibi zetu walifunga nyama ngumu kwa majani ya mpapai. Unaweza kuchemsha nanasi dakika chache na kimeng'enya kikafa. Lakini hata hivyo jelatini ina ubaya wa pili: inaanza kuyeyuka ikikaribia nyuzi 30, yaani mezani kwako.

Agari-agari, unga unaotokana na mwani, si protini. Kimeng'enya hakiwezi kuigusa. Inaganda ikishuka chini ya nyuzi 40 hivi, kwa hiyo inaganda juu ya kabati bila frigo, na ikishaganda haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 85. Kwa mji wa umeme wa bahati, sijaona kitu kinachotufaa zaidi.

Lita moja ya juisi ya nanasi uliyoisaga na kuichuja mwenyewe, vijiko viwili vya chai vya unga wa agari-agari, sukari kijiko kimoja au viwili ikihitajika, ndimu moja. Koroga agari-agari ndani ya juisi ingali baridi, weka motoni, na ikianza kuchemka ihesabie dakika tatu ukikoroga. Usikate kona hapa. Ikipata dakika moja tu itakuwa na chembe. Tone kijiko kimoja kwenye kisahani, subiri dakika mbili. Kikishika, mimina kwenye sahani ya kina cha vidole viwili. Hakikushika, ongeza robo ya kijiko cha agari-agari iliyokorogwa kwenye maji kidogo na uchemshe tena. Ikigeuka ngumu kama mpira umezidisha, na hilo halirekebishiki kwa maneno matamu. Iyeyushe tena motoni na uongeze juisi. Ndimu iingie baada ya kuipua. Kata vipande vya miraba, changanya na vipande vya embe kubwa, mwagia maji ya mchaichai ya hapo juu.

Agari-agari haipatikani kila duka. Ukikosa, tumia maizena (wanga laini wa mahindi): lita moja ya juisi, vijiko 6 vya kulia vilivyosawazishwa, koroga baridi, pika mpaka iwe nzito na kung'aa, kisha ipua mara moja. Ukiiacha ichemke muda mrefu, uchachu wa nanasi unaivunja na inarudi kuwa nyepesi. Na mwenye kuonja asirudishe kijiko alicholamba ndani ya sufuria. Mate yana kimeng'enya kinachokata wanga, kazi ile ile ambayo mzizi wa munkoyo unaifanya kwenye uji wa mahindi mpaka uji mzito ukawa kinywaji. Nilidhani ni imani ya bibi hadi nilipoona sufuria yangu nzima ya maizena imegeuka maji usiku mmoja, na watoto wote wanne wanaapa hawakugusa.

Zinazojiita nyepesi

Meringe na pavlova (povu la ute wa mayai na sukari lililookwa) zinasifiwa kila mahali kuwa nyepesi kwa sababu hazina mafuta. Ni kweli hazina. Ila karibu zote ni sukari na hewa, na sukari inavuta maji. Siku ya mvua ya Lubumbashi, meringe iliyotoka kavu saa tatu asubuhi inanata kama gundi saa saba. Musi ya chokoleti ya mayai mabichi iache kabisa, mayai mabichi na joto havipatani. Soberti ni nzuri kama una friza. Huhitaji mashine, ganda rojo la embe kwenye sinia na likwangue kwa uma kila nusu saa mpaka liwe chembe za barafu. Lakini inakubidi kuileta na kuila ndani ya dakika kumi, na sijawahi kuona familia yetu ikikaa mezani kwa wakati mmoja dakika kumi. Saladi ya matunda iliyozama kwenye juisi ya pakiti ni soda yenye vipande.

Na mama mkwe?

Kila nyumba ina mtu mmoja wa kulinda desturi. Kwetu ni mama mkwe. Mwaka wa kwanza niliotangaza kwamba hakuna buchi, aliniangalia kwa muda.

"Mwanangu, Noeli bila gato? Ile njo Noeli ya wapi?"

"Mama, gato iko. Iko kidogo."

Usibishane na mkubwa kuhusu keki. Mpe keki. Piga mayai manne na gramu 120 za sukari dakika kumi nzima, mpaka ukiinua mchapo, kinachodondoka kinaacha mstari juu yake, kisha ingiza polepole gramu 120 za unga uliochekechwa. Hakuna siagi, hakuna mafuta, hakuna poda ya kuumua. Tandaza nyembamba kwenye sinia lenye karatasi, oka kwa nyuzi 180 dakika 10 hadi 12. Huna oveni, sufuria pana yenye kifuniko bapa, makala (makaa) machache chini na mengi juu ya kifuniko, ukichungulia baada ya dakika nane. Ingali moto ikunje na kitambaa, ikipoa ifungue, paka rojo la embe lililopikwa likawa zito, ikunje tena. Kata vipande ishirini vyembamba, kila kimoja keki yake haifiki kalori 70 kabla ya embe. Mwagia sukari laini kidogo juu kama anataka theluji. Mama mkwe alipewa kipande cha kwanza, akala, akaomba bilauri ya embe pia. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza.

Kwa mgonjwa wa sukari, usimwandalie sahani ya aibu peke yake pembeni. Mpe bilauri ile ile, rojo nusu, yoguti mara mbili, bila mchaichai wenye sukari; au vipande vya papai na ndimu. Tunda zima linapandisha sukari polepole kuliko juisi, kwa sababu nyuzi zake bado zipo. Embe lililoiva sana lina sukari nyingi, apewe kidogo, na yeye mwenyewe anajua zaidi yako daktari wake alimwambia nini. Muulize faraghani kabla ya siku.

Siku tatu za mwisho

Tarehe 23 nunua nanasi, chemsha maji ya barafu, pika mchaichai. Ukifungwa vizuri unakaa kwenye frigo. Tarehe 24 chuja yoguti na oka ile keki nyembamba asubuhi, kabla ya mikate na kabla ya watu kuanza kujiandaa kwa misa ya usiku, maana baada ya hapo hakuna mtu atakayekusaidia, wote wanapiga pasi. Tarehe 25 asubuhi saga embe, pika jeli, iache igande kwenye kabati. Vipande vya matunda vikatwe wakati wengine wanakula mlo, na mtu ambaye si wewe.

Usilete deseri sahani za bukari zikiondoka. Subiri saa moja. Watu watembee uani, watoto wacheze, wazee waanze hadithi za mwaka ambao mvua ilizidi. Mtu wa kwanza akiuliza kama kuna kahawa, ndiyo saa. Leta bilauri.

Na zikishaisha, jioni giza likiingia, weka masuku katikati. Bakuli mbili: moja ya matunda, moja ya kutemea kokwa.